Dada wa Marehemu

3 Machi

Kwa Mwalimu,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana.

Mimi ni muuguzi, ila sikai wodini. Kila asubuhi mimi na wenzangu wawili tunabeba mikoba ya dawa na bandeji, tunazunguka mitaa ya katikati ya jiji, nyuma ya soko kuu na chini ya daraja la magari, kuwatafuta watu wanaolala nje. Wengine akili zimewachoka, wengine wamefungwa na madawa, na wengi wana yote mawili. Tunafunga vidonda, tunasikiliza, na mtu akikubali tunampeleka kwenye matibabu. Asipokubali, tunarudi kesho.

Kuna mwanamume wa miaka arobaini hivi anayekaa kwenye ngazi za duka la vitambaa lililofungwa. Anatengeneza redio za watu kwa kisu na waya, na huku akifanya kazi huiga sauti ya msoma taarifa ya habari. Mtaani wanamwita Marehemu. Mimi nilidhani ni utani tu, kwa vile alivyokonda. Ana kidonda cha mguu ambacho sikipendi hata kidogo, anavuta unga, na kuna sauti zinazomsemesha ambazo sisi wengine hatuzisikii. Ilinichukua miezi minne kumshawishi aje kliniki aandikishwe kwa ile dawa ya kunywa kila siku, inayomsaidia mtu kuacha unga bila kuteseka sana.

Juzi alikubali. Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Karani akaingiza namba ya kitambulisho chake, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Dada, huyu amefariki. Miaka sita sasa."

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Si niliwaambia?" akatoka nje akichechemea.

Mwalimu, cheti cha kifo kina jina lako kama ndugu aliyeutambua mwili. Usipoandika kwamba kulikuwa na makosa, hawezi kupewa dawa, wala hospitali haiwezi kumpangia siku ya upasuaji, kwa sababu kwao mtu huyu hayupo. Daktari ameniambia tusihesabu miezi, tuhesabu wiki.

Anuani ya shule yako nimeipata kwake. Naomba jibu upesi.

Muuguzi


12 Machi

Kwa Muuguzi,

Barua yako nimeipokea.

Mdogo wangu alifariki miaka sita iliyopita katika moto wa ghala la magunia, walikokuwa wakilala watu wa aina unayohangaika nayo. Nilisafiri mwenyewe, nikaingia chumba cha maiti mwenyewe, nikatia saini mwenyewe. Tumemzika nyuma ya nyumba. Mama yetu anapalilia kaburi lake kila Jumamosi.

Huko jijini kuna watu wanaookota kitambulisho cha mtu wakakivaa kama koti la mtumba. Wewe una moyo mwema, na watu wa namna hiyo humtambua mwenye moyo mwema toka mbali.

Mama ana presha na anaishi na mimi. Usipige simu, na usiandike tena. Mwambie huyo mtu aache kutumia jina la marehemu. Mguu wake huo wa kushoto muuoshe kwa maji ya chumvi na mumbadilishie bandeji kila siku. Mengine mwachieni Mungu.

Mwalimu


20 Machi

Mwalimu,

Nimesoma barua yako mara mbili kabla ya kuona. Mimi nilikuandikia habari za kidonda cha mguu. Sikutaja ni mguu upi. Wewe umetaja. Na kweli, ni wa kushoto.

Mimi si askari, sikutegi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini sitaki kukuita mwongo, nataka kukuita dada yake.

Nikueleze alivyo. Mwenzangu mmoja tunamwita Mstaafu. Alivuta unga miaka kumi na moja, na ukimuuliza kazi yake ya zamani anasema, "Nilikuwa kwenye unga, sasa nimestaafu, ila pensheni ndiyo sijaiona." Yeye ndiye anayeweza kukaa na Marehemu akatulia. Jana walikuwa wanakunywa chai kwenye zile ngazi. Mstaafu akamchokoza, "Hivi wewe, nani alikuua?"

Akajibu bila hasira: "Hakuna aliyeniua. Dada yangu alinizika tu. Na alinizika vizuri, kwa saruji kabisa."

Mwalimu, mtu aliyeokota kitambulisho barabarani hajui kama kaburi lina saruji.

Kidonda kimeanza kunuka na homa inampanda kila alasiri. Tena manispaa wamebandika tangazo kwenye nguzo: tarehe kumi na tano Aprili mtaa ule utasafishwa. Wakisafisha, watu hutawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na kumpata mmoja tena ni kazi ya miezi. Huyu hana miezi.

Muuguzi


29 Machi

Muuguzi,

Barua yako ililetwa darasani nikiwa nafundisha kugawanya. Niliitia mfuko wa sketi, nikaendelea mpaka kengele ikalia. Ndivyo nilivyo. Usidhani sina moyo.

Alikuja. Ni miaka mitatu iliyopita, saa nne asubuhi, Mama alikuwa ameenda kliniki. Nilisikia mtu anabisha geti la uani. Nikafungua, nikamkuta mdogo wangu ameegemea ukuta, mguu wa kushoto umefungwa tambara. Akasema, "Dada, nimerudi." Nyuma yangu kaburi lilikuwa linaonekana. Akalitazama, akasoma jina, akaniuliza, "Yule ni mimi?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Na Mama ameshakubali. Ukimfufukia leo, utamuua."

Nikampa mkate mzima na shati la marehemu mume wangu, nikafunga geti. Nilibaki nimeshika komeo mpaka hatua zake zikaisha.

Usinihukumu haraka. Wewe umemjua akiwa mpole kwenye ngazi. Mimi nilimjua akiuza cherehani ya Mama, nguo ya mteja ikiwa bado iko kwenye sindano. Nilimjua akizungumza na ukuta, kisha akamkaba Mama shingo kwa sababu ukuta umemwambia huyu si Mama. Na bado Mama, miaka tisa nzima, alikuwa anakaa kwenye kiti mlangoni, mlango wazi, eti mtoto akirudi asikose pa kuingilia. Alikuwa anaisha kama sabuni. Moto ulipotokea nikaambiwa alikuwa analala ghala lile. Niliamini. Ningefanya nini?

Natuma sweta na soksi kwa basi. Mpe, useme zimetoka kwa msamaria. Lakini yaliyopita yaache yalivyo. Nikisema niliapa uongo, sitaanguka peke yangu.

Mwalimu


6 Aprili

Mwalimu,

Ametoweka. Nakuandikia nimesimama kaunta ya ofisi ya mabasi, mwandiko uniwie radhi.

Kosa ni langu. Nilikuambia anuani nimeipata kwake. Huo ulikuwa ukweli nusu. Ilikuwa kwenye karatasi ndani ya kopo lake la vipuri, naye aliniapisha nisikuandikie kamwe. Niliapa, kisha nikaandika. Jumatatu sweta ilipofika nikashindwa kumdanganya. Aliinusa kwanza. Kisha akauliza, "Dada akisema ukweli, watamfunga?"

Ningesema sijui. Nikasema, "Inaweza kuwa kesi." Ulimi wangu huu!

Akaniomba nimfunge bandeji vizuri, niikaze, kwa sababu ana safari. Nilidhani ni zile sauti zake. Nikaifunga, nikaikaza.

Jumanne asubuhi ngazi zilikuwa tupu. Jumatano manispaa wakaja, siku kumi kabla ya tarehe yao wenyewe, wakabeba magodoro, maboksi na redio zote alizokuwa anatengeneza. Tumetafuta vituo vya mabasi, hospitali mbili, mpaka chumba cha maiti. Pale mhudumu akaniuliza jina. Nikataja. Akapekua daftari, akasema, "Huyu tulishamtoa zamani, Dada."

Nilitoka nje nikakaa chini, sare yangu nyeupe na vumbi lote lile.

Na hapo likanijia jambo ambalo tangu muda ule halinitoki. Kama yeye yuko hai, nani yuko kwenye lile kaburi lenye saruji?

Akija kwako, nakuomba, usifunge geti.

Muuguzi


10 Aprili

Dada Muuguzi,

Hajaja. Geti liko wazi tangu barua yako ifike, majirani wameshaanza kuuliza.

Swali lako mimi ninaishi nalo mwaka wa sita huu. Kule chumba cha maiti walinionyesha mwili ulioungua wote isipokuwa mguu wa kulia, uliokuwa ndani ya buti. Mdogo wangu hana kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Kilikatwa na jembe akiwa na miaka saba, na aliyeshika jembe ni mimi. Mguu ule ulikuwa na vidole vitano. Nilivitazama kimoja kimoja. Mhudumu akauliza, "Ni yeye?" Nikamwona Mama kwenye kile kiti chake mlangoni. Nikasema, "Ni yeye."

Niliyokuandikia kwamba niliamini, si kweli. Sikukosea. Nilichagua.

Jana Mama aliiona barua yako mezani. Miwani yake imevunjika, akaniomba nimsomee, akidhani imetoka kwa binamu yetu. Ningeweza kubuni. Nimezoea kubuni. Lakini macho yalikuwa yameshafika kwenye swali lako, na mdomo ukasoma kilichoandikwa. Baada ya hapo nikamwambia yote, la geti na la vidole. Nilisubiri anilaani, au aanguke. Aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Basi yule niliyemlilia miaka sita, ni mtoto wa nani?"

Sasa hali chakula changu. Anajipikia mwenyewe, sufuria yake kando ya yangu, jiko moja.

Mtafuteni. Mkimpata mwambieni kwamba… hapana, msimwambie kitu. Nitasema mwenyewe.

Mwalimu


13 Aprili

Mwalimu,

Tumempata. Yuko hai. Panda basi.

Yuko mahabusu, kituo cha polisi cha kati. Mstaafu alikwenda pale kwa shughuli nyingine, akasikia kwenye korido mtu anasoma taarifa ya habari kwa sauti ya redio, akamjua. Sikiliza alichofanya. Ile Jumanne alijikokota mpaka ofisi ya usajili wa vifo, akapanga foleni kama watu wengine, na zamu yake ilipofika akasema: "Nimekuja kukiri. Mimi si mwenye kitambulisho hiki. Nilikiokota kwenye moto. Mwenyewe alikufa, na dada yake hakukosea." Wakaita polisi. Akiulizwa jina lake la kweli, anasema hana.

Mstaafu alimuuliza kwa nini. Akasema, "Dada ana shule nzima inayomwita Mwalimu. Mimi nina redio."

Alama zake za vidole wamezituma makao makuu, majibu ni wiki sita. Mguu hausubiri wiki sita. Daktari anasema ukatwe chini ya goti, leo au kesho, lakini mgonjwa amekataa kutia saini. Anasema akiandika jina lake anakufunga wewe, na akiandika la uongo watamkata mtu asiyekuwepo. Anasema hayo homa ikiwa imempanda, huku anacheka. Mimi sicheki.

Siwezi kukuahidi kwamba hutashtakiwa. Kwenye habari hii nimeshavunja kiapo kimoja, sitaki kuongeza. Leta cheti chake chochote cha shule, leta picha yoyote. Njoo.

Muuguzi


5 Mei

Mama,

Ni mimi. Anayeandika ni Mstaafu, kwa sababu mkono wangu unatetemeka, lakini maneno ni yangu. Akitia ya kwake nitajua, maana ananisomea kila mstari.

(Sijatia. Mstaafu.)

Dada atakuwa amekusimulia, lakini namjua, atakuwa ameruka sehemu yake nzuri. Alifika mahabusu mchana, ana vumbi la chaki mpaka kwenye nywele. Alikuwa ametoka darasani moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni. Yule askari hakuwa mtu mbaya. Alipoona ni mwalimu, mtu mzima, akamwambia polepole, "Mwalimu, watu hufanana. Sema tu humjui, kesho uko shuleni kwako."

Nikadakia, "Huyu mama mimi simjui."

Nilidhani namwokoa. Dada akanigeukia na ile sauti ya darasani: "Nyamaza! Wakubwa wanaongea."

Mama, nilinyamaza. Hata zile sauti nyingine zilinyamaza.

Kisha akamwambia askari, "Andika. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Miaka sita iliyopita niliapa kwamba amekufa, na nilijua si kweli. Miaka mitatu iliyopita alibisha kwangu nikamfukuza. Andika yote, nisomee, nitie saini." Askari akaweka kalamu chini. Akamuuliza kama ana hakika. Dada akaiokota ile kalamu, akamrudishia mkononi. Alipomaliza kutia saini akakaa pale sakafuni, akanilaza kichwa kwenye magoti yake. Hakuniomba msamaha, na mimi sikuuomba. Tulikuwa tunasubiri gari la hospitali.

Mguu wamekata. Siku ya tatu nilitoroka wodini kwa magongo ya jirani kwenda kutafuta unga, nikaishia kwenye bustani ya hospitali, nguvu zimekwisha. Muuguzi alinikuta hapo. Hakunisema. Alikaa kwenye nyasi akanisubiri mpaka nilipokuwa tayari kurudi. Nakuambia haya usije ukadhani nimepona. Dawa nainywa kila asubuhi mbele yake, leo ni siku ya kumi na nane. Kuna siku ukuta bado unaongea. Kwa mara ya kwanza nimemwambia daktari unasema nini.

Nilichokufanyia shingoni nakikumbuka. Siombi kuja nyumbani. Naomba tu ujue ni mimi.

Mwanao


19 Mei

Mwanangu Muuguzi,

Nimeandika mwenyewe, kwa hiyo usicheke herufi zangu, nilijifunza kusoma ukubwani. Miwani mpya nimepata.

Binti yangu amesimamishwa kazi na kesi itatajwa mwezi ujao. Hasemi sana. Anafua, anafagia, anakaa. Jana nilikula alichopika. Nilimaliza sahani.

Mwambie mwanangu barua yake nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Mwambie shingo yangu ni nzima. Miguu yangu ikiniruhusu nitamjia mimi, asinisumbukie yeye. Wasiwasi ninao, sitakuficha. Nampenda na namwogopa, na sijui lipi litatangulia nikimwona.

Sasa nina ombi langu. Nyuma ya nyumba hapa yuko kijana niliyempalilia miaka sita kwa jina lisilo lake. Walikuja watu wa serikali, wanataka kumfukua wachukue vipimo. Nikawaambia jina lile walitoe kwenye saruji hata leo, lakini yeye wasimguse mpaka apatikane mtu wa kusimama hapa kwa ajili yake. Wamenipa muda, si mrefu. Binti yangu ananiambia Mstaafu anamjua mama mmoja ambaye huja pale sokoni kila mwezi na picha ya mwanawe, aliyepotea tangu ule moto.

Mtafute mama huyo. Usimpigie simu, habari hii haipigiwi simu. Kaa naye chini, mshike mkono, umweleze polepole kama unavyowaeleza watu wako. Mwambie sijui kama ni wake. Mwambie nilimlilia kwa sauti kubwa nikidhani ni wangu, na sikumpunguzia chozi hata moja. Mwambie aliyedanganya ni binti yangu, na kama anataka kumtukana, aje amtukane, tutamsikiliza.

Akija nitampokea mwenyewe. Kama ni wake, tutalia pamoja. Kama si wake, tutalia vile vile, kisha nitavaa viatu twende naye tukamtafute wa kwake.

Mama